Anza na Mama Yake

Rafiki yangu, wewe ninayekuamini, vuta kiti ukae karibu, maana habari hii sipendi kuisema kwa sauti kubwa. Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Nikienda soko la Arua kununua karanga, sichukui za juu ya debe. Za juu zimewekwa zionekane. Naingiza mkono mpaka chini kabisa, natoa za chini, naonja. Wauza karanga wananitania: "Mama, wewe baba yako alikuwa polisi?" Nawajibu, "Hapana, mama yangu aliuziwa karanga mbovu." Wanacheka, lakini hawanidanganyi.

Sasa kitu kimoja sikuwahi kuonja cha chini. Biblia.

Nilikuwa naijua, usifikiri hapana. Kanisani nimeingia nikiwa mgongoni kwa mama, huko Aroi, na sijatoka mpaka leo. Kusoma vizuri nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika shule ya jioni hapa mjini. Nilikuwa natoka kuuza unga wa muhogo, nakwenda darasani na mikono nyeupe, na dawati langu lilijulikana kwa unga. Lakini Biblia niliijua vipande vipande. Kuna vipande vya matanga, vipande vya arusi, kipande cha Krismasi, kipande cha kuombea mgonjwa, kipande cha kutisha watoto wasidokoe nyama chunguni. Kila kipande nilijua siku yake. Lakini ungeniuliza kati ya Musa na Daudi nani alitangulia, ningeanza kukohoa.

Na hakuna aliyeniuliza, mpaka mume wa mdogo wangu alipokufa.

Mdogo wangu aliolewa Ludara, upande wa Koboko. Mume wake alikuwa mtu mzuri, mkulima, hana maneno mengi. Aliugua tumbo, wakampeleka hospitali, akarudi akiwa amefunikwa. Akamwachia mdogo wangu vijana wawili na msichana, na shamba linaloteremka mpaka kwenye mto, udongo mweusi, muhogo ukipanda pale unanenepa kama mguu wa mtu.

Marehemu alikuwa na ndugu, shemeji yetu. Huyu shemeji sitamsema vibaya kuliko alivyo. Kaburi alichimba yeye. Watu wa matanga walipoishiwa maji, yeye ndiye aliyechukua baiskeli na madumu. Anasali, hanywi, ana mke wake huko Lobule. Na ana Biblia yenye uzi mweusi umelazwa kwenye ukurasa mmoja tu. Huo uzi ndio niliouona kwanza, kabla sijajua umelazwa wapi, na moyo wangu ukasema: mbona mtu ana Biblia nene hivi, na uzi hauhami?

Nilirudi Arua. Baada ya muda mdogo wangu akapiga simu, sauti chini kama mtu aliye karibu na mlango.

"Dada, shemeji amenisomea Biblia."

"Vizuri. Amekusomea nini?"

"Amesoma ile ya Kumbukumbu la Torati. Imesema mutu akikufa, ndugu yake anachukua bibi yake. Imeandikwa, dada. Alinionyesha na kidole."

"Na wewe unataka?"

Nikasikia kuku kwa nyuma.

"Sitaki," akasema. "Huyu ni kama kaka yangu. Mke wake ni rafiki yangu, tulichota maji pamoja. Lakini mimi ni nani?"

Wewe unajua desturi. Zamani mjane alikuwa anachukuliwa tu na ndugu wa mume, kama mbuzi anayehamishwa kamba. Siku hizi, kwa watu wengi, anaulizwa. Siku ya kumaliza matanga wazee wanakaa, wanamuuliza mbele ya watu wote: unabaki hapa na watoto, unarudi kwenu, au unaingia kwa ndugu? Akijibu, imekwisha. Kwa hiyo nikamwambia mdogo wangu, "Sasa unaogopa nini? Ngoja siku ya kumaliza matanga. Wakikuuliza, kataa."

"Wazee naweza kuwakatalia," akasema. "Wao watauliza. Lakini Mungu hajauliza, dada. Mungu amesema. Nimkatae Mungu namna gani?"

Rafiki yangu, hapo ndipo nilipokamatwa. Kama angesema anaogopa wazee, ningekwenda kupigana na wazee, midomo ninayo. Lakini mdogo wangu alikuwa tayari kuingia nyumba asiyoipenda, kwa sababu ya kumpenda Mungu.

Nilifunga kibanda changu, nikaenda Ludara. Njiani nilikusanya mistari kama mtoto anayekusanya mawe ya kurusha. Nikamkuta shemeji anachonga mpini wa jembe, Biblia yake iko juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Shemeji," nikasema, "Paulo amesema mjane yuko huru kuolewa na anayemtaka, mradi ni katika Bwana."

"Karibu, shemeji. Kwanza maji," akasema. Akaniletea maji. Nilipomaliza kunywa akasema, "Mimi niko katika Bwana. Au siko?"

Nikarusha lingine. Nikamwambia Biblia inasema mume mmoja na mke mmoja. Akasema Yakobo alikuwa na wangapi? Nikamwambia Mungu anatetea wajane. Akasema, "Ndiyo, sasa mimi nataka kumtetea. Atatetewa na nani, na mwizi wa muhogo?" Mwisho akafungua kwenye Injili, pale watu walipomletea Yesu swali la mwanamke aliyerithiwa na ndugu mmoja baada ya mwingine. "Unaona? Yesu aliulizwa juu ya sheria hii. Hakuifuta."

Mdogo wangu alikuwa ameinama anapepeta ufuta, akasema bila kuinua kichwa, "Nyinyi wawili mnapigana, na kila mutu amebeba fimbo ya Mungu. Mimi nitajua ya Mungu ni gani?"

Nikirudi Arua, nakuambia ukweli, nilianza kushuku kitu ambacho sikuwahi kukishuku. Sikuwa namshuku shemeji tu. Nilishuku kitabu. Nikawaza: kama kila mtu anaweza kuingiza mkono na kutoa analotaka, hili debe limejazwa na nani? Nililala vibaya. Niliomba, lakini niliomba kama mtu anayeongea na muuza duka asiyeaminika.

Wakati huo huo akaja mama mmoja na shuka yake.

Ni mama wa Sudani Kusini, anakaa kambi ya wakimbizi, lakini kila wiki anakuja mjini. Sisi akina mama wa shule ya jioni tulikuwa tumetoka darasani, tukamkuta uwanjani pa kanisa ametundika shuka kubwa kwenye kamba ya nguo. Wewe umeziona hizo shuka wanazodarizi akina mama wa kule, wao wanaita milaya, maua na ndege kila rangi. Lakini hii haikuwa ya maua. Upande mmoja kulikuwa bustani na mti. Upande wa mwisho kulikuwa mji wenye milango, na mti tena, na mto. Katikati msalaba. Na katikati ya hivyo vyote, watu wengi wadogo wadogo wa uzi.

"Hii ndiyo Biblia yote," akasema. "Leo hatufungui mstari hata moja. Leo tunatazama tu kutoka hapa mpaka pale."

Mimi hapo hapo nikajua: huyu anauza shuka. Halafu nikawaza, hapana, mbaya zaidi, huyu ana dini yake mpya. Mtu anayekuambia usifungue Biblia, anaficha nini? Nikauliza kwa sauti, wenzangu wasikie.

"Mama, kwa nini tusifungue?"

"Kwa sababu nyinyi mnajua kufungua," akasema. "Hamjui kufunga. Ukidarizi, unaanza na ua?"

"Mimi sidarizi. Nauza unga."

"Basi nitakuambia. Ukianza na ua moja, ua linakula shuka yote. Kwanza unachora na penseli, huku mpaka huku. Halafu ndiyo sindano."

"Na shuka hii ni bei gani?" nikauliza.

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hii haiuzwi, mama. Ungekuwa na pesa ya kuninunulia macho mengine, ningekuuzia."

Akaanza kufundisha, na alifundisha kwa vidole, kila kidole jambo. Mungu aliumba na ikawa vizuri. Watu wakaharibu. Mungu akamwita mtu mmoja, akamwahidi uzao, na kwa uzao huo mataifa yote yabarikiwe. Uzao ukawa watumwa, akawatoa, akawapa sheria jangwani. Wakapata nchi, wakapata wafalme, wakaasi, wakafukuzwa mpaka wakawa wakimbizi. Hapo akasimama kidogo, akashika ile sehemu ya watu wenye mizigo kichwani. Akasema tu, "Hapa mimi nilidarizi polepole." Wakarudi. Wakangoja. Mtoto akazaliwa. Akafa, akafufuka. Habari ikaenda kwa mataifa, mpaka Ludara, mpaka kambini. Na mwisho, mji ambao hakuna kilio.

Kati ya msalaba na mji, shuka ilikuwa tupu. Penseli tu.

"Hujamaliza," nikamwambia.

"Hapo ndiyo sisi tuko," akasema. "Hapo sijui nitadarizi nini. Nangoja nione nyinyi mtafanya nini."

Wenzangu waliguswa. Mimi bado. Vitu vilivyopangwa vizuri hivyo ndivyo vinavyoniogopesha, kama karanga za juu. Aliruka vitu vingi. Aliruka yale majina marefu, fulani alimzaa fulani, ambayo hata mchungaji wetu akiyafikia anakunywa maji. Nikajiuliza, ameyaruka kwa nini? Basi wengine walipokuwa wanamsalimia, mimi nilizunguka, nikashika pindo la shuka, nikaipindua nione nyuma.

Wee! Yule mama aliruka kama nimemfunua nguo yake. "Wewe! Nyuma hatuonyeshi watu!"

Lakini nilikuwa nimeshaona. Mbele kulikuwa mambo mbalimbali, mti peke yake, mwanamke wa shamba la shayiri peke yake, kiti cha mfalme peke yake, mtoto kwenye hori peke yake. Nyuma kulikuwa uzi mmoja wa bluu. Ulitoka kwenye mti wa kwanza, ukapita kwa yule mzee wa ahadi, ukapita kwa yule mwanamke wa shayiri, ukapita kwenye kiti cha mfalme, ukavuka ile sehemu ya wakimbizi ukiwa mwembamba sana, ukafika kwenye hori. Haukukatwa mahali popote.

"Kwa nini hukukata uzi?" nikamwuliza. "Ungeokoa uzi."

Akanitazama, hasira ikaanza kumtoka. "Kwa sababu ni kitu moja," akasema. "Hiyo uzi ndiyo yale majina, fulani alimzaa fulani. Wewe mama, unashuku sana."

"Naonja za chini."

"Basi kwenda uonje. Usiniamini. Kwenda usome, ukikuta nimedanganya, kuja unichanie shuka."

Nikaenda. Sikusoma ili nibarikiwe, nilisoma kama mtu anayemfuata mwizi kwa nyayo. Nilianza Mwanzo, pale kibandani, mchana wakati wateja ni wachache, kurasa zikaingia unga mpaka leo ukifungua unapiga chafya. Sikuruka majina. Nilipofika kwenye sheria ya shemeji, niliisoma polepole, na kidole, kama alivyofanya yeye. Halafu nikaendelea pale ambapo kidole chake kilikuwa kimesimama. Nikaenda mpaka kwa Ruthu, yule mwanamke wa shayiri. Nikaenda mpaka kwa wafalme. Nilipofika Mathayo, ukurasa wa kwanza, yale majina niliyokuwa naruka miaka yote, nikamkuta Ruthu, mjane wa nchi ya kigeni, amekaa katikati ya wanaume kama mtu mwenye kwake. Niliweka Biblia chini. Mteja alikuja akasema, "Mama, unga." Nikamwambia, "Ngoja kidogo, nimemwona mtu ninayemjua."

Yule mama wa shuka hakuwa amedanganya. Nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kuchana.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Ludara ilijaa watu. Akina mama tulikuwa tumesonga enya, ugali wetu wa muhogo na mtama, kwenye sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea. Wazee wamekaa, wakwe tumekaa upande wetu, mdogo wangu yuko kwenye mkeka, kichwa na uso vimefunikwa kitambaa cheusi. Shemeji ameshika Biblia, uzi uko pale pale.

Sasa kwetu, kabla ya jambo lolote, lazima habari ya marehemu isemwe. Siku ya kuzika ilisemwa, na siku ya kumaliza inasemwa tena, maana wapo ambao hawakuwepo. Shemeji akasimama kuisema. Alikuwa na haraka. Akasema, "Ndugu yangu alianza kuumwa tumbo, tukampeleka Koboko..."

Shangazi ya marehemu, bibi mwenye meno mawili na sauti ya watu kumi, akamkata: "Wewe! Anza na mama yake!"

"Shangazi, watu wanajua..."

"Wanajua nini? Huyu mutu alizaliwa hospitali na sindano kwenye mkono? Hana mama? Ukianza na ugonjwa, wakwe watasema sisi ndiyo tulimwua! Anza na mama yake!"

Watu wakacheka, hata mdogo wangu akacheka ndani ya kitambaa. Na ndivyo ilivyo. Kwetu ukianza habari ya mtu katikati, unashukiwa. Watu wanajiuliza umeruka nini, unaficha nini. Shemeji akaanza upya: mama yake alitoka wapi, alimzaa msimu gani wa njaa, marehemu mwenyewe alisoma wapi, alioa nani, alilima nini, alizaa nani, mpaka ugonjwa, mpaka kaburi. Tukaitikia. Habari ikawa nzima.

Halafu mzee wa ukoo akamwelekea mdogo wangu amwulize. Kabla hajafungua mdomo, shemeji akasema, "Wazee, samahani. Kabla hajaulizwa, Neno la Mungu lisomwe, ili ajibu akijua." Akafungua kwenye uzi, akaweka kidole katikati ya mstari. Akasoma. Anasoma vizuri, sauti nzuri. Nilimwona mdogo wangu mabega yanashuka, kama mtu aliyepewa mzigo na amekubali.

Nikasimama.

"Shemeji," nikasema, "anza na mama yake."

"Mama ya nani?"

"Ya hilo neno. Ndugu yako ulimwanzia katikati, shangazi akakataa. Mimi pia nakataa. Hilo neno limezaliwa wapi? Lilikuja kufanya kazi gani? Liliishia wapi? Tuambie habari yake yote, tuitikie."

Kukawa na mnong'ono. Shemeji akasema, "Neno la Mungu halina historia kama marehemu. Neno ni neno."

"Basi ondoa kidole, usome mstari wote tangu mwanzo wake, na unaofuata."

Hakutaka. Mzee wa ukoo akamwambia, "Soma." Akasoma. Na hapo hapo, hata bila mimi kusema, ikasikika kwa kila mtu: ni habari ya ndugu aliyekufa bila mtoto wa kiume, jina lake lisipotee.

Shangazi akageuka akawatazama vijana wa marehemu waliokuwa wamekaa karibu na sufuria. "Na hawa wawili wanaokula hapa kama nzige," akasema, "ni mbuzi?"

Uwanja ukalipuka. Lakini shemeji hakuanguka kwa kicheko. Alifunga Biblia, akanitazama, akasema jambo ambalo lilikuwa la haki: "Sawa. Lakini kama angekuwa hana vijana? Leo umeshinda kwa sababu ya vijana. Kesho mjane mwingine hana. Utasema nini? Mungu ameondoa sheria yake?"

Rafiki, kama ningekuwa bado na vipande vyangu tu, pale ningekaa chini. Nikafumba macho nikaiona ile shuka, upande wa nyuma. Nikasema, taratibu, kwa vidole, kama nilivyofundishwa. Nikasema Mungu aliahidi uzao, na uzao ule ulikuwa na kazi, kumfikisha mtu mmoja. Ndiyo maana majina yalilindwa, ndiyo maana nyumba haikuachwa izimike, ndiyo maana hata mjane Ruthu alipoenda kwa jamaa ya mume wake, alikwenda kwa miguu yake, na jamaa wa karibu zaidi, aliyestahili kumchukua kwanza, alikuwa na ruhusa ya kukataa, na akakataa. Kutoka kwa Ruthu akaja Daudi. Kutoka kwa Daudi, mbele, mbele, mpaka Bethlehemu.

"Uzao umefika, shemeji," nikasema. "Amezaliwa. Mtu akisukuma gari mpaka likafika kwa fundi, bado anaendelea kusukuma? Sheria haikuwa mbaya. Ilibeba mzigo, ikaufikisha. Sasa jina la ndugu yako haliko kwenye tumbo la mdogo wangu tena. Liko kwa yule aliyefufuka."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amefundishwa na nani huyu?" Mwingine akajibu, "Kuna mama wa Sudani kule Arua, na shuka." "Shuka?" Nikasikia wakicheka, wakaanza kunishuku kama mimi nilivyoshuku. Ilinichoma, lakini nilijua dawa yake.

"Msiniamini," nikawaambia. "Mimi muuza unga. Kuna Biblia hapo. Anzeni na mama yake mkasome wenyewe."

Mzee wa ukoo akainua mkono. "Maneno ya kitabu tumesikia. Sasa mila. Mama ya watoto, unabaki, unarudi kwenu, au unaingia kwa ndugu?"

Hapa, nisikufiche, nilimshuku hata mdogo wangu. Alimgeukia shemeji kwanza. Nikawaza labda ameshamzoea, labda nimejisumbua bure. Akafungua kitambaa usoni.

"Mungu ananiuliza pia?" akaniuliza mimi, si mzee. "Au ni wazee tu?"

"Anakuuliza," nikamwambia. "Ruthu alikwenda kwa miguu yake."

Akageuka kwa wazee. "Basi nabaki. Hapa, kwenye nyumba ya baba ya watoto yangu, nalima shamba yake mpaka mto. Shemeji abaki shemeji. Akija, nitampa maji na kiti. Nyumba ina mlango, mlango ni yangu."

"Ameulizwa, amejibu," mzee akasema. Wakamwaga maji chini kufunga matanga, ikaisha.

Shemeji hakula siku ile. Aliweka Biblia kwenye mfuko, akapanda baiskeli, akaelekea Lobule. Mimi nilikula kidogo, huku natazama njia.

Usidhani sasa ninamwamini sana. Kiangazi kilichofuata alikuja kuezeka ghala ya mdogo wangu, hakuna aliyemwita. Mimi nilikuwepo kwa bahati, nikakaa pale kwenye kivuli cha nyumba nikimtazama kama kanga anavyotazama mwewe. Nilitazama jicho lake linaelekea wapi, kwenye shamba la mtoni au kwenye majani anayoezeka. Alifunga majani, akafunga vizuri. Alipoteremka akanawa mikono, akatoa ile Biblia. Uzi mweusi ulikuwa umehama. Ulikuwa umefika kwenye vitabu vya Wafalme.

"Shemeji," akasema, hanitazami, "hawa wafalme wako wengi. Yule mama ya shuka aliwaweka wote?"

"Aliweka kiti tu," nikasema. "Nyuma ndiyo kuna uzi."

"Mm." Akanywa maji aliyopewa na mdogo wangu, kwenye kiti alichoahidiwa, akaondoka. Nikaenda kukagua ghala. Nilivuta majani kwa nguvu, hayakutoka.

Yule mama wa shuka bado anakuja Arua. Ile sehemu ya penseli bado ni tupu, lakini mara ya mwisho niliona ameanza kitu kidogo pembeni, karibu na msalaba. Ni nyumba, na mlango. Nilimwuliza ni nani aliyemsimulia. Akasema, "Wewe unapenda kupindua, pindua." Safari hii sikupindua.

Rafiki yangu, sasa nakupa kazi. Huko uliko yupo mama aliyesomewa mstari mmoja, ameinamisha kichwa, anafikiri Mungu ameshamaliza kusema. Mchukulie habari hii umpelekee. Kama hajui kusoma, msomee, na anza mwanzo, usimwanzie kwenye matanga. Lakini mwambie pia asiniamini mimi. Aingize mkono chini ya debe, atoe, aonje.